Kutoka nyasi za shule hadi hoki ya kimataifa: pengo lako ni uwanja

Swali: Nina miaka 16, niko kidato cha tatu katika shule ya wasichana magharibi mwa Kenya. Nacheza hoki, beki wa kati. Uwanja wetu ni wa nyasi na una mashimo. Nyasi bandia nimezikanyaga mara mbili tu, na mara zote mbili mipira ilinipita kana kwamba sijawahi kushika gongo. Nataka kucheza hoki ya kimataifa. Nianze wapi, nifanye mazoezi gani, na je, mtu anaweza kuishi kwa hoki? Baba anasema napoteza muda.

Jibu: Mwanangu, nianze na neno la baba, maana ndilo litakaloamua kama utapewa nauli ya mazoezi. Hapa kwetu hoki ya wanawake haina mshahara wa kumlisha mtu na kumlipia nyumba. Hata ng'ambo, wachezaji wengi wa timu za taifa wanasoma au wana kazi nyingine pembeni. Hapo baba yuko sahihi. Lakini hoki hulipa kwa mkono mwingine: hulipa karo ya chuo kikuu, hufungua mlango wa ajira, na ukiacha kucheza inakuachia ukocha, urefa au taaluma ya tiba ya viungo. Mwambie kwamba kwako hoki na shule ni safari moja, halafu mwonyeshe hivyo kwa matokeo ya mtihani. Nitakueleza mbele kwa nini alama zako za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zina uzito sawa na uwezo wako uwanjani.

Sasa hilo la mipira kukupita. Umeliandika kwa kupitia tu, lakini ndilo swali lako kubwa kuliko yote.

Kwenye nyasi za shule mpira hurukaruka na kupungua kasi kila unapogonga kijishimo. Mchezaji wa nyasi huzoea kusimama wima, kusubiri, kuutuliza mpira hadi ufe kabisa mbele yake, ndipo ainue kichwa amtafute mwenzake. Ana sekunde mbili, pengine tatu. Nyasi bandia zilizomwagiwa maji hazikupi sekunde hizo. Mpira unateleza chini chini, na pasi ya mita 25 inakufikia kabla hujahamisha uzito wa mwili. Gongo lililosimama wima linaziba nafasi nyembamba mno, kwa hiyo mpira unapita pembeni yake au unaliparuza na kuruka juu. Siku zile ulizopitwa, macho yako hayakuwa na kasoro. Mwili ulikuwa juu mno, na gongo lilifika chini limechelewa.

Wapo Waafrika walioziba pengo hili. Mwaka 1980, hoki ya wanawake ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Moscow, nchi nyingi zilisusia na Zimbabwe ikaalikwa dakika za mwisho. Wachezaji wake, wakiongozwa na nahodha Ann Grant, hawakuwa wamewahi kucheza kwenye uwanja wa bandia. Walizifunga Poland, Umoja wa Kisovieti na Austria, wakatoka sare na Chekoslovakia na India, wakarudi nyumbani na dhahabu. Kisa hicho kikupe moyo, lakini kisikudanganye. Wakati ule uwanja wa aina hiyo ulikuwa mgeni kwa wengi. Leo utakutana na msichana wa Uholanzi aliyeanza kukimbia juu yake kabla hajajua kusoma vizuri.

Kwa hiyo tafuta sakafu ngumu iliyo tambarare popote ulipo. Kiwanja cha saruji cha mpira wa vikapu kinafaa, ukumbi wa kulia chakula meza zikiondolewa unafaa, hata veranda ndefu ya bweni inafaa. Saruji inakula gongo, kwa hiyo tumia gongo kuukuu au funga utepe mgumu sehemu ya chini. Laza ubao wa futi sita kwenye kona ya ukuta na sakafu ili mpira ukirudi urudi chini chini. Simama mita 5 kutoka ubao huo, usukume mpira kwa nguvu, uupokee, uusukume tena.

Upokeaji wenyewe uko hivi. Gongo liguse sakafu kabla mpira haujafika, si wakati unafika. Magoti yapinde mpaka uhisi mapaja yanafanya kazi, mgongo usijikunje. Mkono wa kushoto, ulio juu ya kishikio, uwe mbele kuliko kichwa cha gongo, yaani kishikio kielekee kule mpira unakotoka, ili uso wa gongo uuinamie mpira na kuukandamiza chini. Ukikiacha kishikio kiinamie kwako, mpira utapanda juu ya gongo kama gari linavyopanda tuta, na refa ataupuliza ukiwa wa hatari. Mkono wa kulia uwe mlegevu: mpira ukigusa, uache gongo lirudi nyuma kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Mkono ukikaza, mpira utadunda mita moja mbele yako, na hiyo mita ni ya mshambulizi.

Fanya mapokezi 200 kwa siku, siku tano kwa wiki. Ni kazi ya kama dakika 25. Mia moja yawe upande wa kulia, 50 upande wa kushoto kwa gongo lililopinduliwa, na 50 ya kupokea huku ukigeuka, mpira usisimame hata kidogo, uende moja kwa moja kule unakotaka kukimbilia. Ukiona katika kila kumi unapokea vizuri nane, sogea hadi mita 4, kisha 3. Baada ya wiki tatu mwombe mwenzako akugongee mpira kwa nguvu kutoka mita 15. Na kabla hajagonga, mwenzako wa pili asimame nyuma yako akiinua vidole. Wewe tupa jicho begani, utaje idadi ya vidole, ndipo upokee. Tabia hiyo ya kuangalia nyuma kabla ya mpira kufika ndiyo makocha wa timu za taifa wanayoitafuta kwa beki, na ndiyo inayokosekana zaidi kwa wachezaji waliolelewa kwenye nyasi, kwa sababu nyasi hazikuwahi kuwadai.

Upande wa kinyume usiuonee aibu. Gongo la hoki lina uso mmoja tu bapa, ule wa kushoto, na hakuna gongo la mtu wa mashoto, sheria hairuhusu. Kila mpira unaokuja kushoto kwako unadai ulipindue gongo, ncha yake iangalie chini kuelekea kwako. Wasichana wengi hukwepa hilo kwa kukimbia kuzunguka mpira. Kwenye nyasi utawahi. Kwenye nyasi bandia umeshapitwa.

Ukiwa beki kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni miguu. Mpira ukikugusa mguuni ndani ya duara la kufungia, lile la mita 14.63 mnaloliita di, umewapa wapinzani kona fupi, yaani pigo la adhabu la kulishambulia goli lenu. Ukifanya faulo ya makusudi ndani ya mita 23 za kwenu, ni kona fupi pia, na kadi huenda ikafuata: ya kijani inakutoa nje dakika 2, ya manjano angalau dakika 5, na wenzako wanabaki kumi. Mabeki wa shule hukaba wakiwa wameelekeza kifua na miguu yote miwili kwa mshambulizi, kama kipa. Simama ubavu, mguu mmoja nyuma, umwonyeshe njia ya kwenda pembeni, umsindikize hadi mstari wa pembeni ukusaidie kumkaba. Unapoamua kunyang'anya, laza gongo chini kabisa, vifundo vya mkono wa kushoto vikikaribia kugusa nyasi, ili gongo liwe ukuta mrefu. Usirukie kwa kuchoma, yaani kurusha gongo mbele ghafla kuugusa mpira, mara mbili mfululizo. Choma moja ya kumshtua, kisha rudi nyuma hatua mbili.

La pili ni kwamba beki wa leo ndiye anayeanzisha mashambulizi, na mara nyingi ndiye anayefunga. Robo fainali ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 2 Agosti 2021, India iliitoa Australia kwa bao 1-0 na kuingia nusu fainali kwa mara ya kwanza katika historia ya wanawake wake. Aliyefunga alikuwa beki, Gurjit Kaur, kwa kona fupi. Yibbi Jansen wa Uholanzi, mfungaji bora wa wanawake Paris 2024, naye ni beki. Ukitaka kuingia timu ya taifa kutoka uwanja wenye mashimo, jifunze kitu kimoja cha kona fupi hadi kocha ashindwe kukuacha nyumbani.

Kona fupi ina kazi tatu, na watu huitazama moja tu. Kuna anayeutoa mpira kutoka mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka mlingoti wa goli. Kuna anayeutuliza nje ya duara, maana lazima mpira utoke nje kabla ya kupigwa golini. Halafu kuna mpigaji. Akiugonga, shuti la kwanza lisivuke mstari wa goli juu ya milimita 460, yaani urefu wa ubao wa ndani ya goli. Akiuburuta na kuurusha, anaweza kuupeleka kimo chochote. Wanne na kipa wanalinda nyuma ya mstari, wengine wote wamerudishwa kati ya uwanja. Mtoaji mzuri wa kona ni adimu kuliko mpigaji. Ukiweza kuutoa mpira ukiwa umenyooka, kwa kasi, bila kuruka, mara tisa katika kumi, una kazi. Na hilo halihitaji uwanja wa gharama. Linahitaji mita 15 za sakafu na alama ya chaki.

Ukipenda kuburuta, hatua ndizo hizi. Unaujia mpira kwa hatua tano au sita, bega la kushoto likielekea goli. Hatua ya mwisho ya mguu wa kulia inapita nyuma ya mguu wa kushoto na kutua karibu na mpira. Hapo unaushika mpira ukiwa bado usawa wa mguu wa kulia, ukiuegemeza kwenye sehemu ya chini ya mpini, juu kidogo ya mkunjo wa gongo. Kisha mguu wa kushoto unaruka mbele hatua ndefu kuliko zote, nyonga zinageuka kwanza, mabega yanafuata, viganja vinamalizia, na mpira unaachwa mbele ya mguu wa kushoto. Kasi yote imo katika ule mwendo mrefu ambao mpira umebaki kwenye gongo.

Makosa yanajirudia. Anayeuokota mpira mbele mno anabaki na mburuto wa nusu mita, na shuti linakuwa la kusukuma tu. Anayelichoma gongo badala ya kulilaza, mpira unadunda na kumtoka. Anayefungua mabega mapema, mpira unatoka nje kushoto. Na anayejikunja mgongo badala ya kupinda magoti ataumia kiuno, jambo ambalo limewamaliza wengi wakiwa wadogo. Usizidishe mipira 25 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, na ukisikia maumivu ya kiuno yanayobaki hadi asubuhi, acha kuburuta wiki nzima, uendelee na kutoa kona.

Kuhusu vifaa sitakuweka sana. Mtu mzima wa kimo cha kawaida hutumia gongo la inchi 36.5. Usimezwe na matangazo ya gongo la kaboni asilimia 90. Ni gumu, linapiga kwa nguvu, lakini mpira unadunda juu yake, na wewe tatizo lako ni kupokea. Kaboni asilimia 30 hadi 50 inakutosha hadi uingie klabu kubwa. Mkunjo wa gongo usizidi milimita 25, vinginevyo halitaruhusiwa kwenye mashindano. Vikinga ugoko na kikinga meno nunua hata kama itabidi viatu visubiri. Mpira una uzito wa kati ya gramu 156 na 163 na ni mgumu kama jiwe. Kate Richardson-Walsh, nahodha wa Uingereza, alivunjwa taya kwa gongo katika mechi ya kwanza ya London 2012. Akafanyiwa upasuaji, akarudi katika mashindano hayo hayo, akapata shaba, na miaka minne baadaye akabeba dhahabu ya Rio.

Mwili wako. Mechi ya kimataifa ni robo nne za dakika 15, na wachezaji hubadilishwa na kurudi bila kikomo. Kwa hiyo mchezo ni wa kupasuka mbio, kupumzika kidogo, kupasuka tena. Kukimbia kilomita 10 barabarani kila asubuhi kunakupa moyo wa kuvumilia lakini hakukupi kasi. Mara mbili kwa wiki kimbia mita 30 kwa nguvu zote, pumzika sekunde 20, rudia mara 10. Pumzika dakika 4, fanya seti ya pili, baadaye ya tatu. Ukiona mbio ya kumi imepungua sana kuliko ya kwanza, seti hiyo imekwisha, usiilazimishe. Siku nyingine mbili ziwe za nguvu: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupanda ngazi ukiwa umebeba mzigo, na lile zoezi la kupiga magoti mwenzako akakushika vifundo vya miguu huku unajishusha mbele polepole. Hilo linalinda misuli ya nyuma ya paja, na pamoja na kujifunza kutua goti likiwa limepinda na kuelekea usawa wa vidole vya mguu, linapunguza hatari ya kukatika kano ya ndani ya goti. Wanawake huumia kano hiyo zaidi ya wanaume katika michezo ya kugeuka ghafla, na ikikatika unapoteza miezi tisa au zaidi.

Kuna jambo ambalo makocha wa kiume huona haya kulisema. Msichana anayekimbia sana na kupata hedhi kila mwezi hupungukiwa madini ya chuma kwa urahisi. Ukiona miguu mizito bila sababu, pumzi fupi, usingizi darasani, omba hospitalini upimwe hemoglobini, na ikiwezekana feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Kula maini, omena, maharagwe, managu na terere, uyakamulie limau. Na chai usiinywe pamoja na chakula. Iache ikae saa moja, kwa sababu inazuia mwili kufyonza chuma. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo na huna mimba, huo si uhodari wa mazoezi, ni ishara kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mifupa ndiyo inayolipa. Muone daktari.

Ngazi za kupanda sasa. Hapa Kenya hoki ya shule huchezwa katika michezo ya muhula wa kwanza, na timu zinazofanya vizuri kitaifa huenda michezo ya shule za Afrika Mashariki. Usisubiri hadi umalize shule ndipo utafute klabu. Kwa upande wenu Kisumu kuna Lakers. Nairobi kuna Blazers, waliokuwa wakijulikana kama Telkom na waliotwaa ubingwa wa vilabu Afrika mara nyingi, pamoja na timu za vyuo kama Strathmore na USIU. Likizo ya Aprili na Agosti mwombe mwalimu wako akuandikie kocha wa klabu, uende ufanye mazoezi nao hata kama hutacheza. Utapata nyasi bandia, na utaonekana na watu wanaochagua timu ya taifa.

Timu ya taifa huteuliwa na Kenya Hockey Union, chama cha hoki nchini. Wanawake wetu walicheza Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022, wakiwa kundi moja na Australia, New Zealand, Scotland na Afrika Kusini, na mabao waliyofungwa yalikuwa mengi. Nakuambia hivyo ili ujue ukubwa wa kazi. Kwa miongo mitatu Kombe la Afrika la wanawake limekuwa la Afrika Kusini, na bingwa wa Afrika ndiye anayefuzu moja kwa moja Kombe la Dunia. Ila kuna milango mingine: mashindano ya chini ya miaka 21, ambayo kwako yana miaka mitano hivi iliyobaki, na hoki ya watano kila upande, ambayo Kombe lake la Dunia la kwanza lilifanyika Muscat, Oman, Januari 2024. Uwanja wake ni mdogo, na mchezaji mwenye mikono myepesi anaonekana haraka.

Na muda upo. Luciana Aymar wa Argentina, mchezaji bora wa dunia mara 8, alicheza Kombe lake la Dunia la kwanza Utrecht mwaka 1998 akiwa na miaka 20. Alistaafu mwishoni mwa 2014 akiwa na mechi 376, medali nne za Olimpiki na Makombe mawili ya Dunia, la pili akilitwaa katika mji wake wa Rosario. Natascha Keller wa Ujerumani alifikisha mechi 425 na kuendelea hadi London 2012, akiwa na miaka 35. Hao ni vilele, sikupimi kwao. Ninachotaka uone ni kwamba beki wa miaka 16 anayepokea mpira vibaya leo ana nafasi ya kutosha ya kujirekebisha, mradi aanze mwaka huu.

Nani huwalipa wanaocheza muda wote? Kila nchi ina njia yake, na kuzijua kutakusaidia kupanga yako. Uingereza ilitumia fedha za bahati nasibu ya taifa, na kuanzia 2009 ikawakusanya wachezaji wake wa kike mahali pamoja, Bisham Abbey, wafanye mazoezi kama kazi. Argentina mwaka huo huo ilipitisha sheria ya kutoza asilimia 1 kwenye bili za simu za mkononi kwa ajili ya wanamichezo wake, tozo iliyofutwa baadaye. India huwaajiri wachezaji wake wengi katika shirika la reli, na Januari 2025 ikaanzisha ligi ya wanawake yenye mnada, huko Ranchi. Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani ni za vilabu: mgeni mara nyingi hupewa malazi, posho na kazi ya kufundisha watoto wa klabu. Kwa hiyo cheti cha ukocha ukipate mapema, kinakuuza.

Kwako wewe, mlango ulio karibu zaidi ni chuo kikuu. Vyuo vya Nairobi huangalia wachezaji, na Marekani hoki ya vyuo ni ya wanawake tu, msimu wake ukianzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba. Ufadhili mara nyingi si kamili; chuo kinalipa sehemu, na sehemu nyingine inatokana na alama zako. Ndiyo maana nilikuambia KCSE ina uzito. Kocha anayependa uchezaji wako hawezi kukuchukua kama ofisi ya masomo imekukataa. Anza kuandikia makocha ukiwa kidato hiki hiki cha tatu, jisajili na kituo cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinachothibitisha sifa za wanafunzi wanamichezo, na usitie saini karatasi yoyote ya malipo ya klabu kabla hujauliza kama itakuharibia sifa ya kucheza chuoni. Wakala anayetaka pesa kwanza ndipo akutafutie chuo, mkimbie. Barua pepe ya kocha iko kwenye tovuti ya chuo, haiuzwi.

Wataomba video. Simu iwe ya kulala, mpigaji asimame mahali pa juu karibu na mstari wa katikati, hata juu ya meza au mgongo wa lori. Kata dakika tatu hadi tano, na uanze na kitendo chako bora kabisa, kwa sababu wengi hawafiki dakika ya pili. Jiwekee alama ya duara kabla ya kila tukio ili wakuone. Kwa beki weka ukabaji sita, pasi ndefu sita, mipira ya kupokea ukiwa umebanwa, na kona. Usiweke mabao ya wenzako. Na uwe na mechi nzima moja tayari, isiyokatwa, maana kocha makini ataiomba ili aone unafanya nini mpira ukiwa mbali nawe.

Vyeti vishughulikie sasa hivi. Jina na tarehe ya kuzaliwa viwe sawa herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, usajili wa KCSE na pasipoti. Wasichana wameachwa na ndege kwa sababu ya herufi moja. Mtu akikushauri upunguze umri ucheze timu ya vijana, kataa, ukibainika unafungiwa. Na ukishaitwa kambini, ujue kwamba unaweza kupimwa dawa zilizokatazwa siku yoyote, hata nyumbani. Vidonge vya mafua vya duka la dawa, dawa ya pumu, poda ya kuongeza misuli uliyopewa na rafiki, vyote viulize kwanza kwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, au kwa daktari wa timu. Dawa unayoihitaji kweli ina kibali chake, lakini kibali kinaombwa kabla ya kumeza.

Kwa wiki hii, zungumza na mwalimu wa zamu kuhusu ule ukumbi wa chakula, baada ya chajio au Jumamosi asubuhi. Mwombe fundi wa shule ubao wa futi sita, umpate na mwenzako mmoja mwenye hamu kama yako. Hesabu mapokezi, uyaandike kwenye daftari kila siku: mangapi yalikaa, mangapi yalidunda, upande upi. Baada ya wiki sita niandikie tena unitumie ukurasa wa mwisho wa daftari hilo, nitajua kutoka hapo kama tugeukie kona au tubaki kwenye gongo la kinyume.